Kabla ya Kupeleka Udongo Maabara Kupimwa Mionzi ya Asili

Anayetaka kujua kiasi cha mionzi ya asili katika kiwanja chake cha Embakasi au Dagoretti, jijini Nairobi, aamue kwanza anapima nini, kwa sababu udongo wa mahali penyewe, kifusi kilichomwagwa na lori na kokoto za machimboni ni vitu vitatu tofauti, hata vikiwa katika ploti moja. Sampuli zichotwe sehemu kadhaa zisizovurugwa, mbali na barabara na majivu ya takataka, na kila mfuko uandikwe papo hapo mahali na kina ulikotoka; ikifika jioni, mifuko yote hufanana.

Maabarani udongo hukaushwa, kwa kawaida kwenye joto la nyuzi 105 hadi 110, kwani ule mweusi wa Embakasi hushika maji mengi yanayoongeza uzito bure. Kisha huchekechwa, hupimwa uzito na kufungwa katika chombo kisichopitisha hewa kwa takribani wiki 4. Wateja hunung'unikia sana muda huu, ilhali ndio usiofaa kupunguzwa. Radiamu-226, elementi yenye mionzi inayotokana na kuoza kwa urani-238, huzaa gesi ya radoni, ambayo nusu yake huoza kila siku 3.8, na mara nyingi mashine hukadiria radiamu kwa kusoma miale ya gama ya vizalia vya gesi hiyo, yaani risasi-214 na bismathi-214. Gesi ikivuja, au isipopewa muda wa kujikusanya chomboni, hesabu hushuka, na mwenye kiwanja huambiwa udongo wake una mionzi kidogo kuliko ilivyo kweli. Uliza pia kama chombo kitupu hupimwa, ili mionzi ya chumba chenyewe itolewe katika hesabu.

Majibu huandikwa kwa bekereli kwa kilo, yaani idadi ya atomi zinazooza kila sekunde katika kilo moja ya udongo. Ripoti ya UNSCEAR, kamati ya kisayansi ya Umoja wa Mataifa kuhusu athari za mionzi, ya mwaka 2000 inataja viwango vya kawaida duniani kuwa 35 kwa radiamu-226, 30 kwa thoriamu-232 na 400 kwa potasiamu-40. Hiyo si mipaka ya usalama, na kuizidi hakumaanishi kuhama.

Kinachodhuru zaidi ni radoni inayopenya sakafuni na kujikusanya ndani, kwa kuwa husababisha saratani ya mapafu, hasa kwa wavutaji sigara. Kwa hiyo radiamu ikionekana juu, pima hewa ya vyumba vya chini kwa miezi 3 hivi, ukiujumuisha Julai wenye baridi, Nairobi inapofunga madirisha, kisha ulinganishe na bekereli 100 kwa mita ya ujazo, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani.