Somo: Kubuni solo juu ya A maina, G, F na E

Wapigaji wengi wa gitaa hapa Kisumu wamelelewa na kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) tatu za meja, zile ambazo benga na nyimbo za kwaya huzizunguka, na kwa hiyo vidole vyao hujua njia ya kurudi nyumbani bila kuelekezwa. Mfululizo wa kodi unaosikika sana katika flamenko, muziki wa Andalusia kusini mwa Uhispania, hauendi hivyo. Hushuka ngazi moja moja, kutoka A maina hadi G meja, kisha F meja, kisha E meja, na nyumbani kwake ni E, si A. Mpigaji ambaye masikio yake hayajalikubali jambo hilo anaweza kupiga noti zote zinazoruhusiwa, na bado solo yake ikabaki inaning'inia. Ndiyo maana somo hili linaanza na kusikiliza, na skeli, yaani noti zilizopangwa kwa ngazi, zitachelewa kuliko wengi wenu mnavyotarajia.

Hatua ya kwanza: kulizoeza sikio

Piga kila kodi kwa mapigo manne, kisha simama kwenye E na uiache ilie kwa mapigo manane zaidi. Baada ya kurudia hivyo kwa muda, badilisha: simama kwenye A maina. Ukihisi kwamba wimbo umetua vizuri zaidi pale, basi sikio lako bado linaichukulia E kuwa kodi ya kurudishia A, kama inavyotumika katika nyimbo nyingi za mapenzi na za ibada. Dawa yake ni kuuanza mzunguko kwenye E yenyewe na kuumalizia hapo hapo, mara nyingi, mpaka F iwe ndiyo kodi isiyotulia. Kutoka F hadi E ni freti moja tu, na nguvu kubwa ya mfululizo huu imo katika freti hiyo.

Hatua ya pili: kurekodi kodi

Weka metronomu kwenye mapigo 80 kwa dakika na urekodi kodi zako kwa simu. Kwa mapigo manne kila kodi, mzunguko mmoja una mapigo 16 na huchukua sekunde 12, kwa hiyo rekodi ya dakika tano itakupa mizunguko 25. Nashauri urekodi mwenyewe badala ya kupakua rekodi ya mtu mwingine, kwa sababu rizimu inayoyumba utaigundua papo hapo utakapojaribu kupiga solo juu yake. (Anayeishi karibu na stendi ya bodaboda arekodi alfajiri.)

Hatua ya tatu: noti nne tu

Hapa ndipo ningependa mkae kwa muda mrefu. Kila kodi ina noti ya tatu, ile inayoamua kama kodi ni meja au maina. Katika A maina noti hiyo ni C. Katika G ni B. Katika F ni A. Katika E ni G shapu. Zipange kwa kufuatana na utaona kwamba zinashuka zenyewe: C, B, A, G shapu. Zote ziko karibu na kichwa cha gitaa: C ni uzi wa pili kwenye freti ya kwanza, B ni uzi huo huo ukiwa wazi, A ni uzi wa tatu kwenye freti ya pili, na G shapu ni uzi wa tatu kwenye freti ya kwanza.

Washa rekodi na upige noti moja tu kwa kila kodi, ikilia pale pale kodi inapobadilika. Zoezi hili linaonekana la kitoto, lakini mtu akisikiliza solo hiyo hata bila kodi chini yake, atajua kodi zinapita wapi. Ukishatulia, ongeza noti moja ya jirani kabla ya kila noti kuu: D kabla ya C, C kabla ya B, B kabla ya A, A kabla ya G shapu. Kisha badilisha muda wa noti hizo, moja ndefu na nyingine fupi, au uchelewe kidogo baada ya pigo la kwanza. Tayari unabuni, na hujagusa skeli yoyote.

Hatua ya nne: skeli

Juu ya A maina, G na F tumia E, F, G, A, B, C na D. Kodi ya E inapofika, badilisha G iwe G shapu. Katika uzi wa kwanza noti hizo za juu ya E ziko wazi, kisha freti ya 1, 4, 5, 7, 8, 10 na 12. Pengo la freti tatu kati ya F na G shapu ndilo linalompa msikilizaji ile ladha anayoijua hata kama hajui jina lake. Hata hivyo, usilivuke kila mara, kwa maana ladha hiyo huchosha haraka.

Hatua ya tano: pumzi na mkono wa kulia

Imba sentensi fupi kwanza, kisha uipige. Penye pumzi yako, nyamaza. Piga katika kodi mbili, nyamaza katika mbili. Kwa mkono wa kulia, wenye asili ya omutibo, mtindo wa gitaa wa magharibi mwa Kenya, wamezoea kidole gumba na cha shahada, ilhali mistari ya kasi ya flamenko, ile wanayoiita picado, hupigwa kwa kupokezana kidole cha shahada na cha kati, kila kimoja kikipumzika juu ya uzi unaofuata baada ya kupiga. Anza polepole mno.

Nanyi msidhani kwamba kodi hizi nne pekee ni flamenko. Kiini chake ni mzunguko wa mapigo. Soleá, mojawapo ya mitindo ya flamenko, kwa mfano, ina mapigo 12 yenye mkazo kwenye la 3, 6, 8, 10 na 12. Mapigo manne tuliyotumia hapa yako karibu zaidi na mitindo mingine ya flamenko, tangos na rumba.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Nakuru: Mwalimu, kodi ya F inanishinda, uzi wa kwanza haulii. Nifanyeje?

Jibu: Dada, uache uzi huo wazi na upige uzi wa kwanza hadi wa nne tu: uzi wa nne freti ya 3, wa tatu freti ya 2, wa pili freti ya 1. Noti ya E itakayosikika ndani ya F haiharibu kitu, kwani wapigaji wa flamenko wenyewe hupenda kuziacha nyuzi za juu zilie hivyo.

Mwanachama wa Kondele: Nina gitaa la umeme na napiga nyuzi kwa kibao (piki), si kwa vidole. Je, nitafute la nyuzi za nailoni?

Jibu: Hapana, ndugu. Hatua zote isipokuwa maelezo ya vidole vya kulia zinakuhusu vilevile. Punguza tu mwangwi wa amplifaya ili usikie unaponyamaza.

Mwanachama wa Kakamega: Solo yangu inarudi kwenye benga kila inapofika G. Tatizo liko wapi?

Jibu: Bila shaka ukifika G unakimbilia C, na sikio linaifanya C kuwa nyumbani, kwa sababu noti za skeli hii ndizo zile zile za C meja. Kwenye G, shikilia B, kisha ushuke A wakati F inapoingia. Tabia ya benga ya kurudia sentensi fupi na kumjibu mwimbaji usiiache, kwani itakufaa sana hapa.

Mwanachama wa Bungoma: Mwimbaji wetu anaona E iko juu mno. Kapo, kile kibano cha shingo ya gitaa, hupandisha sauti tu, haishushi. Sasa?

Jibu: Hamia D maina, C, B flati na A, ambapo nyumbani ni A. Noti zako nne zitakuwa F, E, D na C shapu: uzi wa kwanza freti ya 1, uzi huo ukiwa wazi, uzi wa pili freti ya 3, kisha freti ya 2. A ikiwa chini mno kwake, weka kapo kwenye freti ya pili na sauti itapanda hadi B bila kubadilisha vidole.