Kupanga Safari ya Svalbard Mwanzoni mwa Majira ya Joto

Anayetaka kwenda Svalbard mwezi wa Juni aamue kwanza ni wiki ipi, kwa sababu katika visiwa hivyo vya Norwei mwanzo wa Juni na mwisho wake ni kama majira mawili tofauti. Visiwa hivyo viko kati ya digrii 74 na 81 kaskazini mwa ikweta, na mji wake mkubwa, Longyearbyen, wenye wakazi wapatao 2,500, uko digrii 78. Katika wiki mbili za kwanza za Juni theluji ingali inayeyuka mabondeni, vijito vimefurika maji ya matope, na baadhi ya mahori yaliyo ndani kabisa huenda bado yamefunikwa na barafu ya bahari. Msimu wa magari ya theluji umekwisha tangu Mei, ilhali njia za kutembea kwa miguu hazijakauka. Ukienda wakati huo, utegemee zaidi mashua kuliko miguu. Mwishoni mwa Juni ardhi huanza kukauka, maua madogo huchomoza kati ya mawe, na mtu anaweza kupanda miinuko iliyo karibu na mji bila kuzama kwenye theluji laini. Kwa mtu anayesafiri kutoka mbali mara moja tu maishani, mimi ningechagua siku kumi za mwisho za mwezi huo. Lakini anayetamani kuona barafu ikiwa bado imeshikana na ufuo awahi mapema.

Jambo la pili, ambalo ndilo huwaponza wengi, ni viza. Kwa mujibu wa Mkataba wa Svalbard, uliotiwa saini mjini Paris tarehe 9 Februari 1920, visiwa hivyo viko chini ya mamlaka ya Norwei, lakini mgeni hahitaji viza ya kuingia Svalbard kwenyewe. Hata hivyo, ndege za abiria huondoka Oslo au Tromsø, ambako ni ndani ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja, wakati Svalbard iko nje ya eneo hilo. Maana yake ni kwamba mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda anahitaji viza ya Schengen ili afike Oslo, anahesabiwa kuwa ametoka Schengen anapopanda ndege ya Longyearbyen, kisha anaingia tena anaporudi. Kwa hiyo ni lazima aombe viza ya kuingia mara mbili au zaidi, na alieleze hilo wazi katika fomu na katika ratiba anayoiambatisha. Viza ya kuingia mara moja itamfikisha Svalbard vizuri kabisa, na tatizo litaanza siku ya kurudi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na kwa Juni, ambapo watu wengi huomba, ni busara kuyapeleka kufikia Machi. Bima ya afya inayodaiwa kwa viza ni ya angalau euro 30,000, lakini kabla ya kuilipia uliza kama inagusa Svalbard na kama inalipia utafutaji na uokoaji, kwani hospitali ya Longyearbyen ni ndogo na wagonjwa mahututi hupelekwa Tromsø kwa ndege.

Kutoka Nairobi au Dar es Salaam njia za kawaida za kufika Oslo hupitia Amsterdam, Istanbul au Doha, na kutoka Oslo hadi Longyearbyen ni takriban saa tatu angani. Lala Oslo usiku mmoja, kwani ukikosa ndege ya kuunganisha, hiyo inayofuata huenda imejaa.

Hakuna barabara inayounganisha Longyearbyen na makazi mengine, na nje ya mji mtu haruhusiwi kutembea bila kuwa na njia ya kumfukuza dubu mweupe. Bango la tahadhari lililo pembezoni mwa mji lina picha ya dubu huyo na maneno ya Kinorwei yanayosema kwamba onyo hilo linahusu Svalbard nzima. Mgeni asijisumbue kutafuta bunduki. Alipie safari yenye mwongozaji aliye na silaha, na nafasi hizo azishike pamoja na hoteli, mapema. Wala asihesabu kwamba atamwona dubu kwa karibu. Tangu 1 Januari 2025 sheria inataka umbali wa mita 500 kutoka kwa dubu kuanzia 1 Machi hadi 30 Juni, na mita 300 miezi mingine, na kumfuatafuata ni kosa. Darubini nzuri itakufaa kuliko kamera ya gharama. Ndege wa baharini, kwa upande mwingine, hawana haja ya kutafutwa: buabua wa Aktiki hutaga kando ya barabara mwezi huohuo na humdonoa kichwani kila apitaye, basi inua fimbo juu ya kichwa chako na upite haraka.

Neno “majira ya joto” lisikudanganye unapofunga begi. Wastani wa Juni ni nyuzi 3 au 4 tu za selsiasi, na ndani ya mashua upepo huufanya mwili uhisi baridi zaidi. Vaa sufu karibu na mwili, sweta juu yake, kisha koti lisilopitisha upepo wala maji. Katika masoko ya Gikomba, Nairobi, na Karume, Dar es Salaam, mitumba ya namna hiyo hupatikana kwa bei ambayo Longyearbyen isingekununulia hata glavu. Ongeza miwani ya jua na kitambaa cha kufunika macho, kwa kuwa jua halitui kabisa kuanzia takriban 20 Aprili hadi wiki ya nne ya Agosti. Saa yetu ya Kiswahili, inayohesabiwa tangu mapambazuko, huko haina pa kuanzia. Mwislamu aamue kabla ya kuondoka atafuata nyakati zipi za sala: wapo wanazuoni wanaoelekeza kufuata mji wa karibu ambako usiku na mchana bado vinatofautiana, na wapo wanaoelekeza nyakati za Makka.

Ghala la mbegu la dunia, lililo karibu na mji na linalohifadhi akiba ya mbegu za mazao, lililofunguliwa Februari 2008 na ambamo Wangari Maathai alishiriki kuingiza kasha la kwanza, huonekana kwa nje tu, hivyo usilitengee siku nzima. Fungasha pia ndara au soksi nene za ndani. Wachimba makaa ya mawe waliacha desturi ya kuvua viatu mlangoni ili vumbi jeusi lisiingie, na hadi leo hoteli nyingi na makumbusho ya mji humtaka mgeni afanye hivyo, kama nyumbani kwetu.