Shahidi wako yuko nchi nyingine? Hivi ndivyo unavyopata ushahidi wake

Kesi yetu ya madai ilikwama miezi mingi kwa sababu ya shahidi mmoja aliyehamia nje, kwa hiyo naandika hapa wengine wasikwame palepale.

Jua hili mapema, samansi (hati ya kumwita mtu mahakamani) inaishia mpakani. Shahidi akiipata kwa imeli huko aliko akaipuuza, hakimu wako hana askari wa kumfuata.

Kwa hiyo anza kwa kumuuliza mwenyewe kama yuko tayari. Akikubali, omba mahakama imsikilize kwa video, ila angalia kwanza sheria za nchi aliyopo, maana kule Uswisi, hadi mwisho wa 2024, kumhoji shahidi kwa video kwa kesi ya nje bila kibali cha serikali kulikuwa kosa la jinai hata kama shahidi mwenyewe karidhia!

Akigoma ndo unahitaji ombi la mahakama yako kwenda mahakama ya kule. Cheki kama nchi zote mbili zimo kwenye Mkataba wa Hague wa 1970 wa kuchukua ushahidi nje, usiuchanganye na ule wa 1965, ule ni wa kupeleka nyaraka tu na haumlazimishi mtu kusema chochote. Kama hazimo, ombi linapitia wizara na balozi, na hapo jipange kusubiri sana.

Sasa maswali ya kuweka kwenye ombi, hapa ndo tuliumia. Ombi letu lilisema tu "shahidi aeleze anachojua kuhusu mkataba unaobishaniwa", likakaa kule muda mrefu halafu likarudishwa, na foleni ikaanza upya. Mkalie wakili wako aandike swali moja moja: ulipokea mzigo tarehe gani, nani alisaini, hii sahihi ni yako? Nyaraka nazo zitajwe kila moja kwa jina na tarehe, nchi nyingi hukataa kabisa maombi ya "nyaraka zote zinazohusu" jambo fulani. Tafsiri iwe ya ombi lote pamoja na viambatanisho, na hiyo gharama ni yako. Kwa kawaida nchi inayohoji haidai malipo, isipokuwa ya wataalamu, wakalimani, au utaratibu maalumu mlioomba.

Hakimu wa kule atafuata sheria zake, kwa hiyo kama mnataka kila neno liandikwe au wakili wenu aulize maswali, semeni humohumo kwenye ombi. Ombeni pia mjulishwe tarehe na mahali.

Kesi za jinai ni njia nyingine, serikali inaomba serikali. Shahidi akiogopa kusafiri, wakili aulize kuhusu kinga: Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2000 dhidi ya uhalifu wa kupangwa unamlinda asikamatwe kwa mambo ya kabla ya safari, ila akiambiwa hahitajiki tena halafu akabaki kwa hiari yake siku 15, kinga inaisha.