Habari za mwanao chuoni: nani azitangaze, na vipi

Muhula wa kwanza wa kifungua mimba wangu ulipoisha, alinitumia picha ya matokeo yake. Masomo saba, A na B tupu. Hata miwani sikuifuta vizuri, nikairusha picha kwenye kundi la ukoo. Pongezi zikamiminika hadi usiku. Muhula wa tatu akapata sapu mbili, yaani mitihani miwili ya kurudia baada ya kufeli, akakaa kimya wiki tano. Nilipombana, akasema: "Wewe ningekuambia, Mama. Wale watu wako 43 ndio walionifunga mdomo."

Tangu hapo nina utaratibu, na anayeufaidi zaidi ni mdogo wake, aliye mwaka wa pili sasa.

Kabla ya kusema lolote, muulize mwenye habari. Kuomba ruhusa mara moja ukaitumia miaka minne hakutoshi. Uliza kila mara. Swali langu ni hili: "Niseme, nisiseme, au utasema mwenyewe?" Akisita, hesabu amekataa. Akisema atasema mwenyewe, ngoja, hata kama ulimi unawasha. Marekani kuna sheria ya mwaka 1974 inayosema kijana akishajiunga na chuo, haki ya kuamua nani aone kumbukumbu zake za masomo inamhamia yeye kutoka kwa mzazi. Niliposoma hilo mara ya kwanza nilinuna. Ada nalipa mimi, halafu matokeo si yangu? Lakini mtihani hakuufanya mama.

Karatasi ya matokeo usiitume kabisa. Ina jina kamili, namba ya usajili, kozi na chuo. Tapeli akiipata, ana kila anachohitaji kumpigia bibi yake na kujifanya msimamizi wa bweni: mjukuu ameanguka, tuma hela haraka. Barua ya kujiunga na chuo ni hivyo hivyo, na namba ya chumba pia.

Isitoshe, alama zenyewe haziwaelezi watu chochote. Vyuo vingine huhesabu wastani kwa kipimo cha 4, vingine cha 5, kwa hiyo 3.4 ya huku si 3.4 ya kule. Waambie anachofanya. Siku moja niliandika hivi, kwa idhini yake: "Wiki hii wamejenga daraja la vijiti. Limebeba kilo 12 ndipo likavunjika." Mjomba wake mmoja, ambaye hakusoma sana na kwenye matokeo huwa hasemi neno, alimpigia simu kijana kuuliza vijiti viliungwa na nini. Wakaongea karibu nusu saa. Zile A na B zilipata vikatuni vya makofi, basi. Ukitafuta habari ya kutoa, muulize mwanao swali dogo: wiki hii mmeshika nini kwa mikono? Mlibishana nini darasani? Yuko wapi kwa mafunzo ya vitendo, na wanamtuma nini huko? (Kumtuma chai nako ni habari, akikubali isemwe.)

Usijiwekee ratiba. Ukizoea kutangaza kila muhula unapofungwa, siku utakayonyamaza watu watajua kuna jambo, na utakuwa umetangaza sapu bila kuandika neno. Mimi sasa natoa habari katikati ya muhula, au baada ya miezi mitatu, au likizoni.

Watakuuliza tu, hata hivyo. "Vipi matokeo?" Usidanganye, maana uongo wa mzazi mtoto ndiye atakayeubeba akirudi likizo. Mimi hujibu: "Anaendelea, kuna masomo anayamalizia." Shangazi akichimba zaidi, namwambia, "Mpigie mwenyewe, atafurahi kukusikia." Wengi hawapigi.

Angalia pia nani yumo kundini. Binamu aliyeanza naye mwaka mmoja huenda ameahirisha masomo, au amedisko (ameondolewa chuoni kwa kufeli), na mama yake anasoma ujumbe wako akiwa kimya. Hapo habari ya mwanao wapelekee mmoja mmoja wale wanaoingoja. Na wanaouliza "bado tu hajamaliza?" wakumbushe kwa upole kwamba kozi hazilingani: shahada nyingi ni miaka mitatu au minne, udaktari mara nyingi ni mitano au sita.

La mwisho ni mahafali, na hapa wazazi wengi tunaruka. Kumaliza mitihani si kuhitimu. Matokeo hupitishwa kwanza na chuo, ndipo orodha ya wahitimu itoke, na somo moja lililobaki linaweza kumchelewesha mtu mwaka. Usialike mtu, usishone nguo, mpaka mwanao aone jina lake kwenye orodha hiyo kwa macho yake.

Kifungua mimba wangu aliliona mwezi uliopita. Nilimuuliza swali langu la siku zote, akachukua simu yangu akaandika mwenyewe: "Jina langu limetoka. Zile sapu mbili za mwaka wa pili ambazo hamkuambiwa, nilizifaulu." Akanirudishia simu nibonyeze kutuma. Wa kwanza kujibu alikuwa mjomba, akitaka kujua sapu zilikuwa za masomo gani.