Kuseti Kabureta na Kuchagua Gia za Lori la Rimoti la Nitro kwa Hewa na Ardhi ya Dar es Salaam

Gia haziongezi nguvu ya injini; kazi yake ni kuigawa nguvu iliyopo kati ya mbio na msukumo. Kwa sababu hiyo, anayetaka lori lake la nitro, yaani gari dogo la rimoti lenye injini ya mafuta ya nitro, liende vizuri zaidi hana budi kuanza na kabureta, kisha aguse gia, kisha arudi tena kwenye kabureta, kwa kuwa kila jino linaloongezwa au kupunguzwa hubadilisha mzigo wa injini na joto lake. Nawaandikia wenzangu wa Dar es Salaam, ambako hewa ni ya joto na unyevu muda mwingi wa mwaka, na ambako mtu anaweza kuchezesha gari asubuhi kwenye mchanga laini wa Kigamboni na jioni kwenye changarawe ngumu ya Bunju. Hewa na ardhi ndizo zinazopaswa kuongoza kila uamuzi utakaoufanya.

Anza na mafuta. Mafuta ya nitro ni mchanganyiko wa methanoli, nitromethani na oili, na kwa malori ya aina hii kiwango cha nitromethani kinachotumika sana ni asilimia 20 hadi 30. Petroli ya kituoni haifai, hata ukiichanganya na oili, kwa sababu plagi ya injini hizi haitoi cheche kama ya pikipiki. Ina waya mwembamba wenye platini ambao hubaki mwekundu kwa kukutana na methanoli. Methanoli hufyonza unyevu wa hewani, na kopo lililoachwa wazi jijini kwetu, hasa wakati wa masika, huharibika upesi kuliko mtu anavyodhani. Funga kopo mara tu unapomaliza kumimina, ulihifadhi mahali penye kivuli, na kumbuka kwamba methanoli ni sumu na kwamba moto wake hauonekani vizuri juani, hivyo watoto na sigara vikae mbali kabisa.

Kisha kagua chujio la hewa, mipira ya mafuta na maungio ya injini. Ukiona vipovu vya hewa vikitembea ndani ya mpira wa mafuta, au mwendo wa injini ukapanda na kushuka wenyewe lori likiwa limesimama, usiguse sindano yoyote kabla hujatafuta tundu, kwa maana hewa inayoingia kwa njia ya wizi haitibiki kwa bisibisi. Chujio la sponji lioshwe, likauke, kisha lipakwe oili yake. Mchanga wa pwani ni mwembamba, na ukipenya chujio mara moja tu unaweza kuchubua silinda.

Kuseti kabureta

Kabureta nyingi za malori haya zina sehemu tatu za kurekebisha: sindano ya kasi ya juu, sindano ya mwendo wa chini, na skrubu ya sailensi, yaani ile inayoamua injini izunguke kiasi gani lori likiwa limesimama. Ukizungusha sindano kuelekea kulia unapunguza mafuta, na kuelekea kushoto unayaongeza. Kabla ya jambo lolote, kaza kila sindano taratibu mpaka iguse mwisho, bila kuilazimisha, huku ukihesabu mizunguko, andika hesabu hiyo kwenye daftari, kisha uirudishe ilipokuwa. Mwenye daftari hapotei njia ya kurudi. Ikiwa injini ni mpya, iache ishibe mafuta kwa matangi ya mwanzo kama kitabu chake kinavyoelekeza, na usitafute mbio katika kipindi hicho.

Washa injini na uliendeshe lori dakika chache hadi lipate moto, kwani injini baridi hutoa majibu ya uongo. Anza na sindano ya kasi ya juu. Lipe lori mafuta yote, yaani bonyeza rimoti hadi mwisho, kwenye sehemu iliyonyooka na usikilize. Likinguruma kwa uzito, likatoa moshi mzito na kuchelewa kushika kasi, limeshiba kupita kiasi, hivyo kaza sindano kwa sehemu moja ya nane ya mzunguko, usizidishe, kisha uliendeshe raundi mbili tatu kabla ya kuamua tena. Likianza kwa kasi kali lakini likafifia mwishoni mwa mbio, au likakatika ghafla huku moshi ukiwa hauonekani, lina njaa ya mafuta na linajiunguza. Legeza sindano papo hapo. Unachotafuta ni sauti kali isiyoyumba, pamoja na uzi mwembamba wa moshi unaoonekana nyuma ya lori kila unapolipa mafuta yote. Uzi huo ndio oili inayoilinda pistoni, na mimi siendeshi lori lisilouonyesha, hata kama linakimbia kuliko yote uwanjani.

Sindano ya mwendo wa chini ina kipimo chake cha mkono. Lori likiwa limesimama na injini ikiwa moto, bana kwa vidole mpira wa mafuta karibu kabisa na kabureta, kisha uhesabu. Injini iliyosetiwa vizuri itaendelea kwa sekunde mbili au tatu, itapandisha mwendo kidogo, kisha itazima. Ikizima mara moja, mafuta ni machache. Ikiendelea muda mrefu huku mwendo ukipanda, mafuta ni mengi. Baada ya hapo ndipo urekebishe skrubu ya sailensi, ili injini izunguke bila kuzima na bila klachi kuanza kuvuta magurudumu.

Joto lipimwe kwenye kichwa cha injini, karibu na plagi, mara tu lori linaporudi kutoka kwenye mbio. Kati ya nyuzi 105 na 130 za selsiasi ni mahali salama kwa injini nyingi. Kipimajoto cha paji la uso kilichozagaa majumbani tangu wakati wa Korona hakifai, kwa kuwa kimetengenezwa kwa joto la mwili wa binadamu. Tafuta kile cha kulenga kinachotumiwa na mafundi wa friji na viyoyozi. Ukikikosa, dondoshea kichwa cha injini tone moja la maji. Likichemka na kupotea katika sekunde tatu hadi tano, hali ni nzuri. Likipotea papo hapo, injini imezidi moto. Nisisitize hapa kwamba injini iliyo baridi kupita kiasi nayo inaumia, kwa sababu pistoni na silinda vimechongwa vikutane sawasawa vikiwa na moto wake wa kazi.

Hali ya hewa hubadilisha hesabu hizi zote. Mchana wa Januari hewa ya Dar es Salaam ni ya moto na yenye unyevu, hubeba oksijeni kidogo, na injini huhitaji mafuta pungufu kidogo. Asubuhi ya Julai, upepo wa kusi unapovuma, hewa ni baridi na nzito zaidi, na sindano iliyokazwa Januari itaiacha injini na njaa. Ndivyo ilivyo pia kwa lori lililosetiwa Arusha, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, likateremshwa pwani: kabla ya kuliwasha, legeza sindano ya kasi ya juu, kisha uanze kuikaza taratibu.

Kuchagua gia

Yeyote aliyekaa kijiweni na madereva wa bodaboda anazifahamu gia hizi kwa jina jingine, kwa maana ni habari ileile ya sproketi. Kwenye lori la nitro, kikombe cha klachi chenye meno machache huzungusha gia kubwa, na uwiano hupatikana kwa kugawanya meno ya gia kubwa kwa meno ya kikombe. Gia ya meno 48 na kikombe cha meno 14 hutoa 3.43, ukiweka kikombe cha meno 16 unapata 3.0. Namba ikiwa kubwa, lori lina msukumo na huondoka kwa haraka; namba ikiwa ndogo, lori lina mbio lakini huchelewa kuzifikia na huipa injini mzigo.

Tuchukue mfano wa lori ambalo difu yake ina meno 43 kwa 13, yaani 3.31, lenye magurudumu ya kipenyo cha milimita 140 na injini inayofika mizunguko 30,000 kwa dakika. Kwa kikombe cha meno 14, hesabu inatoa karibu kilomita 70 kwa saa. Kwa kikombe cha meno 16, karibu kilomita 80. Hizo ni namba za karatasini, na injini itazifikia tu ikiwa ardhi itairuhusu.

Mimi nilijifunza hilo Kigamboni. Nilikuwa nimeweka kikombe cha meno 16 kwa ajili ya barabara ngumu, nikaenda nalo vilevile kwenye mchanga. Lori lilijikokota, klachi ikawa inateleza muda wote, na baada ya dakika chache kipimajoto kilionyesha nyuzi 146. Nilipofungua plagi, waya wake ulikuwa umepinda na kuwa mweupe. Sindano ilikuwa palepale iliposetiwa vizuri siku iliyotangulia. Mzigo ndio uliobadilika. Tangu siku hiyo nabeba vikombe viwili, meno 14 kwa mchanga na nyasi, meno 16 kwa ardhi ngumu iliyonyooka, na kila nikibadilisha napima joto upya kama mtu anayeanza.

Badilisha jino moja kwa wakati mmoja. Jino moja la kikombe lina uzito wa takriban meno matatu ya gia kubwa, hivyo anayetaka mabadiliko madogo aguse gia kubwa. Tairi nazo ni gia: ukitoka kipenyo cha milimita 140 kwenda 150 umeongeza mbio na mzigo kwa takriban asilimia 7 bila kufungua nati ya klachi.

Gia mpya lazima iwe na ukubwa wa meno unaolingana na mwenzake, la sivyo zitatafunana. Wakati wa kuzikutanisha, weka kipande cha karatasi ya daftari katikati yake, sukuma injini mpaka zibane, kaza skrubu, kisha uzungushe gia na kuitoa karatasi. Karatasi itoke ikiwa na mikunjo bila kuchanika. Jaribu kuitikisa gia kubwa kwa kidole pande kadhaa, maana gia nyingi si duara kamili. Panapaswa kubaki mchezo mdogo sana kila mahali. Usisahau beringi za kikombe cha klachi, ambazo hufa kimyakimya na kumfanya mtu ailaumu kabureta.

Mwisho wa siku usiache mafuta ndani ya injini. Mwaga yaliyobaki kwenye tangi, washa injini hadi imalize yaliyo kwenye mpira, fungua plagi, tia matone machache ya oili ya kuhifadhia kwenye tundu la plagi na kwenye kabureta, kisha uizungushe mara kadhaa bila plagi. Kabla ya kuifunga, zungusha kwa mkono gurudumu la injini (flaiwili) mpaka pistoni ikae chini kabisa, ili silinda inapopoa na kusinyaa isiibane.