Familia nzima ufukweni mwa ziwa: yasome maji kabla ya kuvua viatu

Asubuhi ziwa hulala kimya kama maji ya kwenye beseni, na ukimya huo ndio unaoponza watu. Aliyezoea bahari atashangaa kuona mwili wake umeshuka. Maji ya bahari ni mazito kuliko maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kwa takriban asilimia 2.5, hivyo mtu wa kilo 70 akiingia ziwani ni kama amebebeshwa kilo moja na robo tatu zaidi. Akiwa na nguvu hajali. Akichoka, uzito huo huo unamtoa usawa wa kidevu na kumpeleka usawa wa pua. Naye aliyejifunzia kwenye bwawa la kuogelea atakuta hakuna ukuta wa kushika, hakuna kina kilichoandikwa pembeni, na miguu yake mwenyewe haioni.

Nenda asubuhi, na jua upepo unatoka wapi

Kama mna hiari ya saa, fikeni saa 2. Wengi hudhani ni kwa ajili ya jua, na kweli jua la kati ya saa 4 na saa 10 ndilo linalochoma zaidi, lakini kuna upepo pia. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa ya moto hupaa, na hewa ya ziwani huja kushika nafasi yake. Ndiyo maana maji yaliyokuwa kama kioo asubuhi yanaweza kuwa yanachafuka saa 8 mchana, hasa kwenye ziwa pana.

Upepo wa kuogopwa zaidi, hata hivyo, ni ule unaokupiga mgongoni ukiwa umetazama ziwa. Huo unatoka nchi kavu. Karibu na ufukwe maji hutulia kwa kuwa miti na mwinuko vimeyakinga, kwa hiyo huoni dalili yoyote. Mtoto aliyelala juu ya godoro la upepo husogea taratibu, mita 5, mita 20, na akifika palipo wazi godoro linakimbia kuliko mtu mzima anavyoweza kuogelea. Matairi, magodoro na maboya ya kuchezea ni ya maji ya magotini. Upepo ukiwa mgongoni, yabaki kwenye gari. Na likichukuliwa likiwa tupu, liende, godoro halifuatwi.

Ikinyesha mvua kubwa, ahirisha kwa siku 2. Mvua husomba ya vyooni, ya mazizini na ya mitaroni na kuyashusha yote ziwani, na matumbo ya watoto ndiyo hulipa.

Tembea kwanza, tandika baadaye

Usitandike mkeka pale pale ulipoegesha gari. Tembea kama mita 200 kila upande. Mdomo wa mto au mfereji uuache mbali: uchafu huingilia hapo, na mkondo hukata mchanga ukaacha shimo. Palipochimbwa mchanga wa ujenzi pia paepuke, kwa sababu kingo za mashimo hayo husimama wima na kuporomoka zikikanyagwa.

Gati lenye nyaya za umeme wa kuhudumia boti nalo lina hatari ambayo watu wengi hawaijui. Maji baridi hupitisha umeme vibaya kuliko mwili wa binadamu, ambao ndani yake mna chumvi. Umeme ukivuja majini, mwili wa muogeleaji unakuwa njia rahisi zaidi ya kupita. Misuli inakakamaa naye anazama bila kelele. Kaa angalau mita 50 kutoka hapo. Ukihisi mwili unawashwa kama unachomwa sindano, geuka urudi ulikotoka, usishike ngazi ya chuma.

Kwenye maziwa yenye mamba au viboko, waulize wavuvi wa hapo, tena zaidi ya mmoja. Mwenye hoteli ana biashara ya kulinda. Palipo na shaka hapaogelewi, na alfajiri na magharibi ndizo saa mbaya kuliko zote.

Kisha angalia rangi ya maji. Utando wa kijani mzito, kama rangi ya ukuta iliyomwagika, mara nyingi ni sainobakteria, bakteria wa kijani-bluu ambao baadhi yao hutoa sumu ya ini na ya mishipa ya fahamu. Chukua kijiti kirefu, kichomeke, kinyanyue. Kikitoka kimening'iniza nyuzi kama nywele zilizolowa, huo huwa ni mwani wa kawaida. Kikitoka kimepakwa kijani kama brashi ya fundi rangi, mtu asiingie, na mbwa zaidi, maana atajilamba manyoya baadaye na kumeza sumu yote. Anayeishi karibu na ziwa anaweza kuvaa glavu, akajaza chupa angavu hadi robo tatu na kuiacha kwenye friji usiku kucha. Kijani kikipanda juu na kuwa tabaka, shuku bakteria hao. Kikitua chini, huenda si wao. Vipimo hivi ni vya kukukataza tu, havikupi ruhusa. Wala kuchemsha hakusaidii, sumu haiondoki: mwaka 2014 wakazi wa mji wa Toledo nchini Marekani, unaokunywa maji ya Ziwa Erie, walikatazwa kunywa ya bombani na wakaonywa wasiyachemshe. Upepo husukuma utando huo upande mmoja, kwa hiyo fukwe mbili za ziwa moja zaweza kutofautiana siku hiyo hiyo.

Kichocho

Hapa pana imani nyingi za uongo. Vijidudu vya kichocho hutoka kwenye konokono wa maji baridi, huogelea vikitafuta ngozi, na hupenya ndani ya dakika chache bila kidonda wala maumivu. Si lazima unywe maji wala uwe na mchubuko. Kusimama tu kwenye maji ya vifundoni kunatosha. Ziwa Viktoria, Tanganyika na Nyasa yote yana kichocho, ingawa si kila ufukwe una kiasi kilekile.

Konokono hupenda palipotulia, penye majani na matete, karibu na watu wanapofua na kuoga. Mchanga mtupu unaopigwa na mawimbi una hatari ndogo zaidi, lakini ndogo si sifuri. Vijidudu hutoka kwa wingi kuanzia asubuhi iliyokomaa hadi adhuhuri, sababu nyingine ya kuwahi. Kujifuta kwa taulo kwa nguvu mara tu unapotoka hupunguza kidogo; kusikutie moyo wa kukaa majini kutwa. Maji ya kuwaogeshea watoto mkirudi yasitoke ziwani moja kwa moja: yachemshe kwa dakika 1 yapoe, au yateke yakae kwenye pipa lisilo na konokono kwa saa 24 au zaidi, vijidudu vife.

Kwenye maziwa ya nchi za baridi kuna ndugu yake mpole, vijidudu vya kichocho cha ndege. Hivi huingia kwenye ngozi ya mtu vikafia humo humo, vikaacha vipele vya kuwasha kwa siku kadhaa. Vinakera tu.

Pima kina kwa mguu, si kwa macho

Mtu mzima aingie peke yake kwanza, na kijiti mkononi, akiburuza nyayo badala ya kuzinyanyua. Anatafuta mambo matatu: vitu vya kukata, tope linalomeza mguu, na mahali mchanga unapokatika. Hilo la tatu ndilo linaloua. Katika maziwa mengi unatembea mita 10 au 15 kwa maji ya mapajani, kisha hatua moja tu inayofuata haina chini. Akishapata ukingo huo, arudi nyuma hatua tano na hapo ndipo mwisho wa watoto. Wekeni alama: chupa tupu yenye kifuniko, kamba, na jiwe la kuizuia.

Aangalie pia baridi. Jua hupasha tabaka la juu, na chini yake maji yanaweza kuwa ya baridi kali kwa ghafla. Yakiwa chini ya nyuzi 15, anayejitupa ndani huvuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, na kama mdomo uko chini ya maji, anavuta maji. Ingieni polepole, mkijimwagia kifuani na shingoni.

Kupiga mbizi kwa kichwa, hapana. Hata palipokuwa salama mwezi uliopita, kiwango cha maji hushuka na magogo huhama. Shingo ikivunjika hairudi.

Jicho moja, kazi moja

Familia ya watu wazima sita ufukweni huweza kumpoteza mtoto kirahisi kuliko ya wawili, kwa sababu kila mmoja anaamini mwenzake anatazama. Dawa yake ni kupokezana kwa jina: "Shangazi, zamu yako," naye ajibu, "Nimepokea." Zamu iwe ya dakika 15. Aliye zamu hana simu, hana pombe, hachomi nyama, na anahesabu vichwa muda wote. Walio chini ya miaka 5, na asiyejua kuogelea wa umri wowote, wawe na mtu wao ndani ya maji, umbali wa mkono kunyooka.

Nguo za watoto ziwe za rangi ya chungwa kali au waridi kali. Bluu na nyeupe hupotea zikishuka nusu mita tu.

Jaketi la kuokoa maisha huchaguliwa kwa uzito wa mtoto ulioandikwa ndani yake, si kwa umri. Mvalishe, funga vifungo vyote, kisha shika mabega ya jaketi uyavute juu. Likipanda hadi masikioni ni kubwa, na majini litamvuka kichwani. Kwa wadogo, tafuta lenye mkanda unaopita katikati ya miguu. Vile vya kujaza pumzi vya kuvaa mikononi haviokoi mtu, huteleza vikatoka.

Anayezama hapigi kelele

Wengi husubiri mayowe na mikono ya kupunga. Anayezama kweli hana pumzi ya kuitia. Amesimama wima majini, miguu haipigi, kichwa kimeangukia nyuma, mdomo unazama na kuibuka, mikono inakandamiza maji pembeni kana kwamba anapanda ngazi isiyoonekana. Hudumu hivyo sekunde 20 hadi 60, kisha anazama. Mtoto aliyekuwa akipiga kelele akanyamaza ghafla ndiye wa kutazamwa.

Usimrukie. Anayezama humpanda mwokoaji kichwani. Ndiyo maana kila familia inapaswa kuja na dumu. Chukua dumu tupu la lita 5, tia maji kiasi cha kikombe kimoja ili liwe na uzito wa kuruka, funga kifuniko kwa nguvu, na fungia kwenye mpini kamba ya mita 15 hadi 20. Bila maji hayo kidogo, upepo unalirudisha. Lirushe lipite bega lake, kisha vuta kamba imfikie mikononi. Mtu mzima majini huhitaji msaada wa kilo 3 hadi 5.5 tu ili aelee, na dumu hilo linabeba zaidi ya kilo 4. Fanyeni mazoezi mara tatu mkifika. Watoto watadhani ni mchezo, na ni sawa.

Akitolewa hapumui, mtu mmoja apige simu ya dharura. Usimkamue tumbo. Mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie. Miongozo ya Ulaya inaanza na pumzi 5, ya Marekani 2. Zote zinakubaliana kwamba aliyezama anahitaji hewa kwanza. Kisha kandamiza kifua mara 30, kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima na theluthi ya kifua kwa mtoto, pumzi 2, na kuendelea. Hata akizinduka, apelekwe hospitali.

Ngurumo ikisikika, hata kama juu yenu kuna jua, wote watoke. Si chini ya mti wala mwavuli. Ingieni kwenye nyumba imara au gari lenye paa la bati, mkae dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Mkitoka

Kila mtoto afutwe mara moja, avishwe nguo kavu, ainamishe kichwa kila upande maji ya masikio yatoke. Losheni ya jua, SPF 30 au zaidi, hupakwa tena kila saa 2 na kila baada ya taulo. Mwenye ualbino asitegemee losheni pekee, avae mikono mirefu na kofia pana hata majini. Aliyekohoa maji mengi na bado anahema vibaya au analala ovyo, hospitali siku hiyo hiyo.

Kama ni ziwa lenye kichocho, andika tarehe mliyoogelea. Homa, kikohozi, vipele au kuumwa tumbo kati ya wiki 2 na wiki 12 baadaye, mwambie daktari wazi kwamba mliogelea ziwani, maana bila kuambiwa atafikiria malaria kwanza. Asiye na dalili naye apimwe baada ya wiki 6 hadi 8. Kukimbilia dawa ya prazikwanteli kesho yake hakutoshi: dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa, na ile michanga huiacha ikiendelea kukua.