Maneno adimu: yakamate na jamaa zake

Neno adimu ukilikariri peke yake, halimalizi wiki kichwani. Lishike pamoja na ndugu zake.

Anza na nazi. Wengi tunajua dafu na nazi tu, kumbe tunda hilo hubadili jina kila likikua: kidaka likiwa changa kabisa, kitale likiwa halijafanya nyama, dafu likijaa maji na nyama laini, koroma nyama ikianza kukomaa, ndipo liwe nazi. Nyama yake ikikaushwa ni mbata. Na tui zito la kwanza, lililokamuliwa kabla ya kutiwa maji, ni kasimile. Neno tamu mno kuachiwa wapishi peke yao.

Yaandike kwa mpangilio huohuo wa kukua, usiyapange kwa alfabeti. Maneno matatu kwa wiki yanatosha.

Kisha fungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Nomino itafute kwa umoja: vifuu utaikuta kwenye kifuu, nyuzi kwenye uzi. Kitenzi kivue ku- na viambishi vya mwishoni: kutwekwa tafuta tweka, yaani kupandisha tanga. Soma maana zote, usiishie ya kwanza. Kidaka hicho hicho ni pia kishimo cha ukutani cha kuwekea vitu katika nyumba za mawe za pwani.

Sasa litumie. Leo ikiwa Jumatatu, keshokutwa ni Jumatano, mtondo Alhamisi, mtondogoo Ijumaa. Ukiahidiana na mtu andika “mtondo, Alhamisi”, asije akakosea siku. Angalia na tahajia: mtondoo, kwa o mbili mwishoni, ni mti. Ng'ong'a, kumfanyia mtu ishara ya dharau nyuma ya mgongo wake, ukiiondolea vile vialama huharibika kabisa.

Wengi huteleza kwenye maneno ya ushairi. Banati, yaani msichana, lina mizani (silabi) tatu, kwa hiyo humfaa mshairi pale neno msichana, lenye nne, linapozidi kwenye kipande cha mizani nane. Ukimuuliza jirani “banati wako karudi shule?” atakushangaa.

Ukienda kwa mkwezi, fundi au mvuvi, usiishie kuuliza “hiki kinaitwaje?” Ongeza: “Na kabla hakijafika hapa, kiliitwaje?” Swali hilo la pili ndilo litakalokutolea kitale na koroma.